Nilikimbia kwa Namba ya Mume Wangu

Mume wangu alikuwa seremala, na asipokimbia asubuhi siku yake nzima iliharibika. Alitoka nyumbani kwetu Shanwe, Mpanda mjini, kabla jua halijachomoza, akashika barabara ya Sumbawanga, na mimi nyuma yake kwa baiskeli, chupa ya maji kwenye kikapu. Nikirudi naoga, nakwenda kufundisha darasa la tano.

Katikati ya miaka ya tisini alipata kazi ya kutengeneza mabenchi ya kanisa kule Karema. Padri mmoja Mzambia, mgeni pale misheni, alimwona akikimbia kando ya ziwa. Akamwambia kwamba parokia yake ya Livingstone huandaa mbio za nusu marathoni kila mwaka, kilomita ishirini na moja.

"Njoo na mkeo," alimwambia. "Wewe ukimbie, yeye akatazame maporomoko ya maji. Malazi yapo kwetu."

Hatukuwahi kwenda popote kwa kutembea tu. Safari zetu zote zilikuwa za misiba na wagonjwa. Yale maporomoko nilikuwa nayachora ubaoni kila mwaka, mistari ya chaki kwenda chini, bila kujua ninachora nini. Miezi mitano tulizungumza habari hiyo tu. Nilimshonea kaptula ya bluu.

Sasa niseme kosa langu. Mume wangu alizaliwa Burundi. Mama yake alimleta akiwa mgongoni, wakati wa mauaji ya mwaka sabini na mbili, na alikulia Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi. Kuishi kwake Mpanda mjini kulikuwa kwa kibali, na kibali hicho hakikuvuka wilaya ya Mpanda. Mimi nilidhani ndoa imemaliza hayo yote. Tulipojaza fomu za hati za kusafiria, alisita kwenye mahali pa kuzaliwa.

"Andika Mpanda," nilimwambia.

"Nililetwa. Sikuzaliwa hapa."

"Nani atauliza?"

Akaandika Mpanda. Hati tulizipata Sumbawanga bila shida, na mimi nikamtania njia nzima kwa woga wake.

Tunduma, mpakani, aliuliza ofisa mmoja kijana, mpole kabisa. Alitazama hati yangu, akagonga muhuri. Akaishika ya mume wangu.

"Shule ya msingi ulisoma wapi, ndugu?"

Mume wangu hakujua kusema uongo kwa mdomo. Ule wa kuandika nilikuwa nimemsaidia. "Katumba," akasema.

"Katumba ni makazi. Kibali cha kufika huku kiko wapi?"

Hakuwa nacho. Walimkalisha kwenye benchi. Nilieleza kwamba ni mume wangu wa ndoa, nikatoa na cheti. Ofisa akanijibu, "Mume hapati uraia kwa mke, mama. Sheria ndivyo ilivyo." Labda wangemrudisha Mpanda, alisema, wakishawasiliana na wakubwa.

Upande wa pili basi la Lusaka lilikuwa linapakia. Mume wangu akanipa mfuko wenye viatu vyake na ile kaptula.

"Nenda," akasema. "Padri anatusubiri. Mmoja wetu aone."

"Siwezi kukuacha hapa."

"Watanirudisha nyumbani tu. Utanikuta."

Nilijua kwamba hata yeye haamini. Lakini nilitaka kwenda, na kwa kuwa nilitaka, nikamwamini. Nilivuka mpaka kwa miguu. Sikugeuka, nikijiambia ni kwa sababu nitalia.

Ijumaa padri alinipeleka kwenye maporomoko. Sitayaeleza. Manyunyu yalinilowesha hadi nguo za ndani, sauti ikaujaza mwili, na nikacheka peke yangu, mikono juu. Kwa muda wa kama nusu saa sikumkumbuka mume wangu hata mara moja. Nimejaribu kuihesabu nusu saa hiyo kwa namna nyingine, lakini haikubali.

Jumamosi padri alinionyesha namba iliyokuwa imeandikishwa kwa jina la mume wangu. Nikaomba niivae. Viatu vyake nilivijaza matambara. Nilikimbia kidogo, nikatembea, nikakimbia tena. Kufika kilomita ya kumi na tano kucha mbili zilikuwa zimetoka, na niliona afadhali maumivu hayo. Nilipofika mwisho walikuwa wanakunja kamba. Mama mmoja alinivisha medali, akanipigia makofi.

Niliporudi Tunduma nilimkuta ofisa mwingine. Alifungua daftari, akanitafutia bila haraka. Mume wangu alikuwa amepelekwa Mbeya, mahakamani. Kutoka makazini bila kibali, na kudanganya kwenye fomu. Alikiri, akapewa miezi sita.

"Fomu aliijaza mwenyewe?" aliniuliza.

Nilisema ndiyo. Hadi leo sijui kwa nini sikusema zaidi.

Gerezani nilifika mara mbili, ni mbali. Mara ya kwanza aliuliza, "Ulikimbia?"

"Nilimaliza."

"Na maji, yakoje?"

"Kulikuwa na ukungu. Sikuona vizuri."

Akageuza mazungumzo, akaniuliza habari za darasa langu. Nafikiri nilimnyang'anya hata hayo maji.

Alipotoka, kibali cha kuishi mjini hakikutolewa tena. Akarudi Katumba kwa mama yake, kulima mahindi. Nilikwenda kila Jumapili kwa baiskeli, baadaye kila mwezi. Tulikaa mlangoni kama watu waliokutana stendi. Siku moja nilimwambia nimekuja mapema makusudi, tukimbie kidogo kama zamani.

"Magoti," alisema.

Mama mkwe alinisindikiza hadi barabarani. Akaniambia taratibu, kwa Kiswahili chake chenye Kirundi ndani, kwamba mwanawe hana ugonjwa wa magoti. Kila asubuhi anaamka saa yake ile ile, anafunga kamba za vile viatu nilivyomrudishia, anakaa kitandani hadi kupambazuke, halafu anavivua, anachukua jembe.

"Sasa mimi nifanye nini, mama?" nilimuuliza.

"Sijui, mwanangu," alisema. Akarudi nyumbani.