Siku Mama Alipofukiza Udi Mapema

Mama yangu, Bi Masouda, alipohama Unguja kuja Matrah, huku Uarabuni, aliacha vyombo vya maana akabeba mbuzi ya kukunia nazi. Matrah yenyewe nazi ilikuwa adimu. Alikula wali mkavu mwaka hata mwaka, akisema tumbo limejaa lakini yeye hajala. Basi mwaka wa sabini, nazi za Salala ziliposhushwa bandarini, na Bi Hind naye akaleta salamu kwamba atapita kututazama, Mama alipandwa na wazimu wa furaha.

Kaka yangu Suud alimtaka Shaikha, binti wa Bi Hind, na kwa hilo alikuwa hali wala halali. Bi Hind, mzaliwa wa Matrah hasa, alikuwa na shaka na sisi watu wa Zanzibar. Akikataa yeye, mambo yamekwisha. Mama akaamua kumposea mwanawe kwa sufuria: wali wa nazi na mchuzi wa papa.

Papa mkavu, anayemjua anamjua. Bi Hind na dada yake walikuwa zuliani na tende na kahawa, harufu ikatoka jikoni ikawasalimia kabla ya chakula chenyewe. Mama akaona haya. Akanyakua chetezo, akatia udi, akakizungusha sebuleni. Bi Hind akajifukiza ushungi, akashukuru kwa adabu, akainuka. Dada yake naye akainuka. Wakavaa viatu, wakatoka.

"Harufu imewashinda!" Mama akalia.

Suud akatokea chumba cha pili, kapauka. "Mama, umewafukuza! Huku udi ukishapita, mgeni anakwenda zake!"

"N'kune nazi tangu alfajiri, kisha wende zao na njaa? Hawendi!"

Akamimina mchuzi juu ya wali, akaifunga sufuria kwa kanga, mbio. Mimi nyuma na upawa, sijui wa nini, nacheka hadi mbavu zinauma. Akawapata penye duka la halua. Kiarabu chake chote kikamtoroka. Akafinyanga tonge, akalielekeza kinywani mwa Bi Hind kama anayelisha mtoto. "Kula, mwanangu, nnakuomba, kula!"

Bi Hind alikuwa mkubwa wake kwa umri. Akatazama huku na huku, akafungua kinywa, akatafuna. Kisha akakaa kwenye kizingiti cha duka, akakunja mkono wa nguo, akaivuta sufuria. Mwenye duka akageukia ukutani kwa heshima, mabega yakimtikisika.

"Mimi nilikuja kukataa," Bi Hind alisema kwa Kiarabu, kinywa kimejaa. "Ulipopitishwa udi nikamshukuru Mungu, umeniepusha na maneno mengi."

Nikamtafsiria Mama. Nami roho ikanitoka kwa ajili ya Suud.

Bi Hind akachagua mnofu wa papa, akaufinyangia tonge la wali, akalitia kinywani mwa Mama. "Kula na wewe. Mama mkwe wa Shaikha hawezi kukonda hivi."

Kabla sijatafsiri, Mama alikuwa keshapiga kigelegele, punje za wali zikaruka hadi kwenye halua ya watu.