Kipande cha Nme cha Mama Agatha

Rowena Shananaquet alikuwa mpimaji wa samaki wa kabila letu, Waodawa, wenyeji wa asili wa Michigan, Marekani, na kwa miaka mingi kazi hiyo ilimpa raha. Bwawa la kiwanda cha karatasi lilibomolewa, mto ukarudishiwa changarawe zake, na nme, yule samaki mwenye sharubu na mgongo wa mifupa aliyekaribia kutoweka, akarudi kutaga. Watu walilia ukingoni.

Aliyelia zaidi ni mama yake, Agatha, mkongwe kuliko wote kijijini, ambaye hakuwa ameonja nme tangu utotoni. Mwaka huo baraza liliruhusu avuliwe mmoja tu. Kwa desturi, aliye mkubwa kuliko wote hula tonge la kwanza, kisha la pili humlisha kwa mkono wake aliye mdogo kuliko wote katika ukoo.

Rowena alipima nyama ya samaki huyo mara mbili, akiomba awe amekosea. Hakukosea. Bwawa lilipovunjwa, tope lililolala nyuma yake liliamka na sumu yote ya kiwanda. Wenye kiwanda walishakwenda zao na faida yao. Sisi wakatuachia tope. Hata vifaranga vya nme vilianguliwa na migongo iliyopinda.

"Mama, hafai kuliwa," alisema, macho chini.

"Nina miaka themanini na minane, binti yangu. Hiyo sumu itabidi ipange foleni nyuma ya moyo na figo."

Rowena alicheka huku machozi yakimtoka. "Basi kula. Sitakuzuia."

Agatha alitazama chini. Josie, kitukuu wake, mdogo kuliko wote katika ukoo, alikuwa anatambaa chini ya meza akivuta kamba za viatu vya bibi huyo.

"Nikila, na huyu atakula," alisema. "Sili peke yangu kama mchawi. Kipande hiki kirudishe kwenye friza yako."

"Subiri, Mama. Mto utajisafisha."

"Nitasubiri. Nina kazi gani nyingine?"

Agatha alifariki kabla majani hayajapukutika, bila kuonja nme tena. Rowena alikilaumu kiwanda, mwishowe akajilaumu mwenyewe, maana alikuwa mmoja wa waliodai bwawa libomolewe.

Novemba, kwenye karamu ya kuwalisha marehemu, kila nyumba iliandaa sahani ya wafu wake, chakula chake kichomwe motoni kiwafikie. Rowena alikuja na kile kipande, amekikausha kwa moshi kama alivyofundishwa na mama yake. Binamu yake Leland akamshika mkono.

"Dada, si ulisema kina sumu?"

"Kina. Ndiyo maana nimengoja mpaka sasa."

Akakiweka kwenye sahani ya mama yake, akaipeleka motoni. Josie alinyoosha mkono akitaka. Rowena akampa mkate.