Febronia na Mizimu ya Duarani

Febronia aliponda mawe ya dhahabu hapa Nyarugusu miaka sita, na hakuna mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, aliyejua jina lake. Aliitwa "wewe mama." Mumewe alipofukiwa shimoni, tajiri alileta sanda na kilo kumi za mchele. Ukarimu ulioje! Tangu hapo Febronia akawa haongei, anaponda tu.

Kikaja na kisukari. Zahanati wakampa insulini na ushauri mtamu: ale mara tano kwa siku, samaki, mboga na matunda. Yeye, ambaye ugali wa mchana ulikuwa bahati! Insulini aliitunza kwenye chungu chenye mchanga mbichi, maana jokofu liko kwa tajiri, linapoza bia.

Asubuhi moja alijichoma sindano, chakula kikakosekana. Kufika saa nne sukari ilishashuka. Jasho likamtiririka, akaanza kuweweseka huku akinyoosha kidole kwenye kichuguu: "Pale... pale." Mimi nauza chai karibu na karasha la kusagia mawe, nikakimbia na soda, akazinduka. Kwa bahati mbaya wachimbaji wakachimba pale pale, wakapata dhahabu.

Basi! Kumbe mama ana mizimu! Mayala mwenye duara, ambaye hashushi kamba shimoni kabla hajapeleka kuku kwa mganga, akaja na kitenge na kiti cha plastiki.

"Shikamoo, mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma, yeye ambaye hata salamu yake alikuwa haitikii.

Wiki iliyofuata Febronia alianza tena kutetemeka. Nikaja na soda, Mayala akanidaka mkono.

"Usimkatishe! Acha mizimu imalize kwanza!"

Wataalamu hao! Nikamtukana Mayala kwa Kisukuma mpaka akaniachia, nikamnywesha mgonjwa.

Juzi nikamkuta kwake, sindano keshajichoma, viazi nilivyompelekea viko mbele yake, hajavigusa.

"Kula, Febronia."

"Ngoja kwanza. Mayala anakuja saa nne na wageni kutoka Kahama, na nikila mizimu haiji."

"Utakufa, wewe!"

Akanitazama bila hasira. "Dada, kabla ya mizimu, uliwahi kuniuliza nimekula nini?"

Nikamega kiazi, nikakipeleka mdomoni kwake. Hakufungua.