Nyayo Kwenye Majivu

Mpaka leo mtu akitaja vibwengo mbele yangu, natazama pembeni. Wenzangu hucheka, wakasimulia vile vijitu vifupi vya mikokoni vinavyoficha chumvi na kumwaga maji ya watu. Mimi sicheki. Kibwengo wa kwetu Maparoni namjua vizuri, maana ni mimi.

Nilikuwa nimeolewa mwaka ule. Tulihamia shambani, mimi na mama mkwe, kuamia ndege wasitumalizie mpunga, tukaishi kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo. Enzi za ruksa hizo, biashara zilipofunguliwa. Sukari tuliyokuwa tukiipangia foleni sasa ilijaa kila kibanda cha biashara kijijini Mbuchi. Mama mkwe alinunua kopo zima, akaliweka kwa ajili ya hitima ya marehemu mumewe. Nikawa nachovya kidole. Kidole kikawa kiganja. Wala sikuwa na mimba, niseme nilitamani. Ulafi tu, Mungu anisamehe.

Siku alipofungua akakuta nusu. "Mkwe, nani kagusa hapa?"

"Sijui, mama. Labda kibwengo."

Lahaula! Akamwaga majivu chini ya ngazi, kama ifanywavyo kwetu ili nyayo za kibwengo zionekane, akaenda zake kuchota maji. Nikabaki peke yangu. Majivu yakikutwa safi, mwizi ni mimi, na nitarudishwa kwetu. Nikakunja ngumi, nikaigandamiza majivuni kwa ubavu wake, nikadonoa vidole vitano kwa ncha ya kidole. Unyayo wa kitoto, hasa! Nikapiga saba. Na kwa kuwa lazima ziende mahali, nikazielekeza kule kwenye njia iliyo wazi. Njia ile ilikwenda kwenye dungu la jirani yetu, bibi mmoja mjane asiye na mtoto. Sikumfikiria hata kidogo.

"Kumbe yule bibi anafuga kibwengo!" mama mkwe alisema aliporudi.

Kabla ya adhuhuri kila dungu lilikuwa na habari. Tulikuwa tukivuna kwa kusaidiana, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Zamu ya bibi ilipofika hakwenda mtu. Hata mimi sikwenda. Alivuna peke yake, kisu mkononi, na nguruwe wakala zaidi ya alichovuna.

Siku moja akanijia. Nikajua nimeumbuka.

"Mjukuu wangu," akasema, "wewe ndiye uliyeziona nyayo. Mimi nimetafuta kila pembe, simwoni. Wallahi sijamfuga, labda kaja mwenyewe. Niambie anakaa wapi nimtoe, watu wanirudie."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulishafunguka. Nikamwona mama mkwe anapepeta mpunga hatua chache tu, masikio wazi.

"Labda chini ya kitanda, bibi."

Akaondoka mbio mbio. Haukupita muda tukaona moshi. Mkeka, mito, kitanda cha kamba alichoolewa nacho, vyote aliviteremsha akavitia kiberiti. Alirudi jioni, macho mekundu, majivu mpaka kwenye kanga, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Ahsante, mjukuu wangu," akaniambia. "Wote hawa, ni wewe peke yako uliyenihurumia."