Jinsi makosa ya picha ya anga yalivyotuokolea sinema ya shule, Mwanza enzi za Ujamaa

Wakuu, salamu kwenu nyote, wadogo na wakubwa.

Nimepita uzi wa jirani nikakuta vijana wanachambua makosa ya filamu za sci-fi. Mara stelingi ana jeraha shavu la kulia, scene inayofuata jeraha limehamia kushoto. Mnajiona mmegundua kitu kipya.

Sasa kaeni niwaeleze. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, na sitii chumvi, labda kidogo pale nitakapojisifu.

Ni Mwanza, miaka ya sabini. Nilikuwa binti wa kidato cha tatu, nyumbani Igogo. Shule siitaji, wahusika wengine bado wapo humu duniani.

Shule yetu ilikuwa na projekta moja. Mwalimu wa Fizikia, Ticha Bwire, alikuwa anaazima mikanda ya filamu mjini. Kila Jumamosi mchana tunaziba madirisha ya bwalo kwa mablanketi, tunatazama picha.

Kwa mliozaliwa juzi: hakukuwa na TV, wala video. Picha ikipita imepita, hakuna cha ku-rewind. Kwa hiyo macho yetu yalikuwa makali.

Picha ikiisha, Ticha alikuwa na swali lake moja. "Haya, wametudanganya wapi?"

Hapo ndipo patamu. Tunabishana mpaka kengele ya chakula. Mimi Fizikia ilikuwa inanitoa jasho darasani, lakini kwenye ubishi ule ilikuwa inaniingia yenyewe. Nilikuwa mbishi wa kuzaliwa, sikatai.

Matatizo yakaja na Mzee Masanja.

Huyu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mfugaji mkubwa kutoka upande wa Magu, mtu wa maneno machache. Alisikia watoto wanaoneshwa wazungu wanapanda mbinguni kwa chombo. Jumamosi moja akaja kukagua.

Siku hiyo ilikuwa picha ya wanaanga waliotua kwenye sayari nyekundu, Ticha akitafsiri Kiingereza chao. Mzee alikaa nyuma, mikono juu ya fimbo, akatazama mpaka mwisho. Alipotoka nje akamwambia mkuu wa shule, "Huu ni uongo mtupu. Hiyo mashine ifungiwe stoo, na watoto Jumamosi waende shamba la shule."

Wakuu, nililia. Sioni aibu kusema. Bila zile Jumamosi nilijua Fizikia naiaga.

Mkuu wa shule hakutaka kumkatalia mzee, wala hakutaka kutuvunja moyo. Mwalimu wa Siasa akamtoa kwenye mtego: tufanye mdahalo, na Mzee Masanja awe mgeni rasmi. Hoja ikawa hivi: picha hizi ni kasumba, zisimamishwe.

Tena akaongeza lake. Mnajua ngoma za kwetu Usukumani, pande mbili zinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na upande uliovuta watu wengi ndio umeshinda. Akasema kura itakuwa hivyo hivyo. Unayemkubali msemaji, nenda kasimame upande wake.

Aliyetetea hoja ni Kamugisha, kijana wa Bukoba, sauti kama mtangazaji wa redio. Mpinzani wake ni mimi.

Jamaa alinimaliza kwa silaha zangu mwenyewe. Alichukua makosa yote tuliyoyakamata na Ticha. Bandeji ya stelingi ilianza mkono wa kulia ikaishia wa kushoto. Chombo kililipuka huko angani kusiko na hewa, na sisi tukasikia kishindo.

"Ndugu wanafunzi," akasema, "mtu anayekudanganya kwenye bandeji atakwambia ukweli gani?"

Uwanja ukahama. Nilibaki na wasichana wachache, na hao walibaki kwa sababu tunalala bweni moja, si kwa sababu nyingine.

Hotuba niliyoikariri ikanitoka kichwani yote. Ikabaki hasira tu, na hasira ndiyo iliyonisaidia.

Nikamuuliza, "Ndugu Kamugisha, nani alikufundisha kwamba kusiko na hewa sauti haisikiki?"

Jibu wote tulilijua. Tulijifunza palepale bwaloni, tukiibishia picha.

Nikageukia uwanja. "Aliyedanganywa ni yule aliyetoka mle akiamini kila kitu. Kama yupo, anyooshe mkono." Hakuna aliyenyoosha. "Basi mwenye kosa ambalo Kamugisha hajalitaja, aje huku kwangu alitaje."

Mnaelewa ujanja wenyewe? Ukitaka kusema, sharti uvuke.

Akavuka mmoja: kioo cha chombo kilipasuka, baadaye kikawa kizima. Akavuka mwingine: jua ni moja, lakini stelingi ana vivuli viwili. Wakaanza kusukumana. Kila mtu ana lake, na kila mtu anataka lake lisikike.

Mimi macho yangu yako kwa mgeni rasmi. Mzee Masanja alikuwa hatulii kwenye kiti. Mara anainuka nusu, mara anakaa.

Mwisho uzalendo ukamshinda. Akachukua fimbo, akakatiza uwanja mzima mpaka nilipo.

"Nyinyi wote hamkuona," akasema. "Yule mkubwa wao alisema pale hajawahi kukanyaga mtu. Halafu akashuka ngazi. Mbele yake kulikuwa na nyayo, za viatu vile vile. Mimi nimefuatilia ng'ombe wa wizi tangu ujana, nyayo hazinipiti."

Ticha Bwire akapiga makofi. Akatueleza kwamba walirudia kupiga tukio lile, wakasahau kufagia mchanga.

Mwalimu wa Siasa akauliza kwa adabu zote, "Ndugu Mwenyekiti, samahani, umesimama upande gani?"

Mzee akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona yuko katikati ya watu wangu. Akacheka mpaka akashikilia fimbo kwa mikono miwili. "Binti huyu ameniswaga kama ndama," akasema. Hakurudi kwenye kiti chake.

Projekta haikuona stoo. Jumamosi iliyofuata mzee alikuja na mkewe, wakakaa benchi la mbele kabisa. Kwenye mtihani wa kidato cha nne Fizikia niliipasua vizuri, na Kamugisha mwenyewe alikuja kunipa mkono.

Nilichojifunza: ukiogopa mtoto atadanganywa, usimfumbe macho. Kaa naye, mwulize wamemdanganya wapi. Mpaka leo naangalia picha hizi za kompyuta, za CGI, na wajukuu kwa mtindo huohuo, na wananichukia kweli.

Karibuni mtoe maoni. Na anayesema nimetunga naye aje, wabishi ndio watu wangu.