Hina ya Dada na Kata ya Maji

Hina ikishachafuka haifutiki. Naanza na hilo kwa sababu wajukuu wangu wanadhani kucha zikiharibika unachukua pamba, unafuta, unapaka upya, basi. Rangi yao ya chupa ina huruma. Hina haina. Ikigusa ngozi mahali usipotaka, ikakaa kidogo tu, imekaa, na utatembea nayo mpaka ngozi yenyewe iamue kuiacha.

Kwa hiyo kazi yote ya hina ni kuzuia. Kwetu Newala, wakati wa Mwingereza, tulizuia hivi. Kwanza unapaka mafuta ya ufuta kuzunguka ukucha, kwenye nyama tu, kwa ncha ya kijiti, ukiangalia yasiguse ukucha wenyewe, maana penye mafuta hina haishiki. Hina unaikoroga na maji ya ndimu iwe nzito, ukiinua kijiti isidondoke. Juu ya kila ukucha unaweka tonge dogo, unafunika kwa kipande cha jani la mbono, unafunga kwa uzi. Halafu mwenye mikono anakaa. Hashiki kitu, hali kwa mkono wake, hajikuni.

Dada yangu alikaa. Nataka hilo liandikwe mahali, hata kama ni mimi tu nitakayelisoma. Watu wa Nanganga, alikoolewa, walisema kwa miaka kwamba bibi harusi wa Newala hakuwa na utulivu, ndiyo maana aliletwa na mikono michafu. Nilisoma mpaka darasa la nne tu na sina uhakika kama najua kupanga maneno, lakini siku ile nilikuwapo chumbani tangu tonge la kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa mikono yake.

"Pua," dada anasema, nami namkuna pua.

"Siyo hapo. Juu."

"Ukishaolewa atakukuna nani?"

"Mume wangu ana mikono miwili. Wewe endelea na kazi yako."

Somo yake alicheka mpaka akaweka kijiti chini. Huyo somo ndiye aliyemfunda dada tangu unyagoni, na kwa hina hapakuwa na wa kumfikia mtaani kwetu. Alikuwa amemaliza mikono yote miwili, majani yamefungwa, na ametuambia kwamba tukimwacha bibi harusi hivyo hivyo mpaka alasiri, kucha zitatoka nyekundu iliyoiva na nyama pembeni itabaki safi kama haikuwahi kuguswa. Hicho ndicho wanawake wa upande wa mume wangekuja kukagua kesho yake. Bibi harusi akishatolewa ndani, wao huinua mikono yake mbele ya watu, na wanachokisema hapo ndicho anachoondoka nacho kwenda kwao. Akisifiwa, anaingia nyumba ya watu akiwa na jina. Asiposifiwa, mnajua wenyewe.

Lori la watu wa bwana harusi lilifika siku hiyo hiyo kabla ya adhuhuri. Wote walipelekwa nyumba ya jirani kupumzika, isipokuwa mama mkubwa wa bwana harusi, aliyekuja kwetu moja kwa moja na wenzake wawili nyuma yake. Mama mzazi wa bwana harusi alikwisha kufa, na huyu mama mkubwa ndiye aliyemlea, kwa hiyo kwetu yeye ndiye mama mkwe. Sitaki kumwonea. Njia ya kutoka Masasi kupanda huku juu, nyuma ya lori, vumbi lile, mtu yeyote angefika koo limekauka. Kope zake zilikuwa nyekundu kwa vumbi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Naomba maji."

Nikasimama. "Nakuletea, mama."

"Kaa, binti. Nimekuja kunywa maji ya mkono wa mkwe wangu. Ya mkono wako nitakunywa siku utakapoolewa na mtu wetu."

Wenzake wakacheka. Somo akasema kwa adabu, "Mama, hina bado mbichi. Kubali akupe mdogo wake. Alasiri bibi harusi atakuhudumia mwenyewe mpaka uchoke."

"Kwani kwenu hina ikipakwa, wageni wanakufa kwa kiu?" Akawageukia wenzake. "Au ndiyo yale yanayosemwa, kwamba Newala mtungi unalala chini ya kitanda?"

Hapo lazima nieleze, kwa sababu wajukuu wangu wanafungua bomba. Maji yetu yalikuwa bondeni. Alfajiri ile mimi na mama tuliteremka ukingo wa mlima, tukapanda na mitungi kichwani, tukafika nyumbani jua limeshapanda. Watu wa chini, wanaoishi karibu na mito, walikuwa wakitutania kwamba sisi wa juu tunaficha maji mgeni akiingia. Ulikuwa utani, ila kila mwanamke wa Newala aliuogopa kama ugonjwa. Unaweza kumnyima mgeni chakula ukasema hakijaiva. Maji hayana cha kuiva.

Mama alikuwa mlangoni. Akasema, "Mpe mama maji, mwanangu."

Dada alimtazama somo, akamtazama mama, akainuka. Alipiga magoti kwenye mtungi, akaishika kata kwa viganja viwili kama mtu anayeshika kitu cha moto, vidole amevinyoosha visiguse. Akachota. Akaja akapiga magoti mbele ya mama mkubwa na kunyoosha mikono.

Mama mkubwa hakuipokea. Alikuwa anarekebisha kanga yake kiunoni. Labda kweli ilikuwa inateleza. Nimejiuliza hilo mara nyingi, na kila mara naona ile kanga ikiwa imefungwa vizuri, lakini macho ya mtu mwenye hasira siyaamini, hata yakiwa yangu. Ninachojua ni kwamba dada alikaa na kata ile imejaa mpaka mikono ikatetemeka, na maji yakamwagika, yakapita juu ya majani na nyuzi.

Kisha akaipokea, akanywa mafunda machache. "Maji yenu matamu," akasema, na yaliyobaki akayamwaga chini kwenye udongo.

Hina naweza kuisemea mengi. Hilo la kumwaga sijui niliseme vipi. Yalikuwa maji mengi kuliko aliyokunywa. Shingo yangu ilikuwa bado inauma kwa mtungi. Inawezekana hakuwaza lolote. Mtu wa kwenye mito humwaga maji kama sisi tunavyotema mate. Nasema inawezekana.

Walipotoka, somo aliukamata mkono wa kulia wa dada akaufungua. Majani yalikuwa yameteleza, matonge yameshuka kwenye viungo vya vidole, na maji yamechora mstari mmoja nyuma ya kiganja mpaka kwenye kifundo cha mkono. Alifuta mbio kwa kitambaa. Chini yake ngozi ilikwisha kuwa rangi ya embe. Hina mbaya ingetupa nafasi, lakini ile ilikuwa hina nzuri, na mafuta ya ufuta yalikuwa pembeni ya kucha tu. Nani anapaka mafuta mpaka kwenye kifundo? Mkono wa kushoto ulikuwa umesalimika.

Mama alikuja na ndimu na majivu, akaanza kuusugua mkono. Dada alifumba macho.

"Utamtoa ngozi," somo akasema. "Acha."

"Kesho watasema nini?"

"Watasema walichokuja kukisema. Lete mkono huo."

Doa la hina, alituambia akiwa tayari anakoroga, unalimeza tu kwa hina nyingine. Vidole vyote unavichovya mpaka kiungo cha kwanza, hapo palipochafuka panakuwa ndani ya rangi, na mtu akitazama anaona ulikusudia. Lakini hina iliyobaki kwenye bakuli ilitosha mkono mmoja. Nilikimbia kwa majirani. Mhina wa karibu ulikuwa umenyonyolewa majani yote, na ni sisi tulioyachuma kwa ajili ya harusi hii hii. Nikarudi mikono mitupu. Somo akauchovya mkono wa kulia, kwa kuwa ndio wa kusalimia, na ule mstari akaupitishia ndimu polepole mpaka ukafifia kama chai ya rangi iliyozidi maji. Pale mama aliposugua pakabaki pekundu.

Kesho yake walipoiinua mikono ya dada mbele ya ua mzima, mama mkubwa ndiye aliyeishika.

"Tazameni, jamani. Huu wa bibi harusi. Na huu mwingine mmeazima kwa nani?"

Watu walicheka, na baadhi yao ni wetu.

"Hakutulia huyu," akasema. "Amepakwa hina kwa siku moja tu ikamshinda kukaa."

Nilimgeukia mama yangu. Mama aliona kata. Alisikia kila neno. Nilikuwa na hakika atafungua kinywa, na kama angefungua, hata kwa upole tu, nusu ya ua ingejua hina ilichafuliwa na nani. Mama akapiga magoti. "Utusamehe, mama," akasema. "Ni watoto, hawajajua kukaa."

Hawajajua kukaa. Nilimwuliza jioni ile ile kwa nini, na namshukuru kwamba hakunipiga. "Doa la hina litatoka mwezi huu huu," alisema. "Ningesema aliyetaka maji ni yeye, ingekuwa tumemsimanga mgeni kwa maji. Hilo wangemsema nalo dada yako mpaka anazeeka." Nimeligeuza jibu hilo kila upande na sioni kosa lake. Mama aliwajua watu kuliko mimi. Ila doa lilitoka, na maneno hayakutoka. Dada aliitwa asiyetulia akiwa na watoto wakubwa, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akiacha kazi katikati. Hesabu ya mama ilikuwa nzuri na bado haikumlinda mwanawe, na hasira yangu sijui niiweke kwa nani, kwa hiyo nimeiacha kwa yule aliyekunywa.

Alasiri ya siku hiyo hiyo ya kukaguliwa, kabla sijamwuliza mama, walimpakia dada kwenye lori. Bibi harusi hukaa amejifunika, mikono chini ya kanga. Mama mkubwa alikuwa ubavuni mwake. Lori lilipoanza kutembea nilikuwa nakimbia pembeni pamoja na wasichana wengine, nikaona dada anatoa mikono yote miwili nje ya kanga, anailaza juu ya magoti, wa kulia na wa kushoto, vidole amevitandaza.

"Funika mikono, mkwe," mama mkubwa akasema.

Dada hakufunika. Walipita sokoni hivyo, wakapita mbele ya boma hivyo, watu wamesimama kandokando wakitazama, na mpaka lori lilipokamata njia ya Masasi mikono ilikuwa bado iko nje.

Miaka ilipita kabla sijathubutu kumwuliza. Tulikuwa kwake tunabangua korosho. Nilimwambia kwamba siku ile nilijivunia, kwamba aliwaonyesha.

"Niliwaonyesha nini?" akasema. "Joto tu. Zile kanga zilinibana, nilikuwa navuja jasho."

Nimeandika alivyosema. Lakini ilikuwa Julai, upepo wa Newala unapita hadi mifupani, na mimi niliyekuwa nakimbia nilikuwa nimejifunga kanga mbili.