Nilivyomchongea Bibi

Usiku ule nililala nikijisifu. Utafiti wangu wa saikolojia ulikuwa umekamilika, na asubuhi nilitakiwa kuwasomea walezi wa watoto wa shule moja ya msingi nilichokigundua: wanaolelewa na bibi zao wana hofu zaidi kuliko wenzao. Chini yake niliandika, tena kwa mbwembwe, kwamba malezi ya bibi ndiyo yanayowatia hofu, hivyo watoto hao wahamishwe. Mwalimu mkuu alishaanza kuwadokeza walezi.

Basi nikaota nimesimama ukumbini, nasoma. Mara namwona marehemu bibi yangu mzaa mama, aliyenilea mimi, amekaa mstari wa mbele na kanga yake ya jikoni. Anachambua mchele kwenye ungo, ananitazama. Enzi za uhai wake alikuwa akiniita mume wangu, kama bibi wanavyowatania wajukuu wa kiume, nami nikijibu kwa jeuri ya mwenye nyumba. Safari hii hakucheka.

"Mume wangu," akasema, "umenichongea kwa watu?"

Jamani! Nikaanza kujitetea. "Bibi, vitu hivi viwili vinakwenda pamoja. Nimevipima."

"Sijakataa. Kipi kilitangulia?"

Mara ukumbi haupo tena. Tuko mlangoni kwake, jioni ya siku tuliyomzika mama. Mtoto anashushwa garini na kifuko chake cha nguo, anatetemeka mwili mzima. Mtoto huyo ni mimi. Bibi hajamgusa bado, wala hajamwambia neno.

"Huyu hofu ameipatia kwangu?" akauliza.

Nilitamani ardhi inimeze. Haya nilikuwa nayajua, tena nimewafundisha wengine: vitu viwili kuandamana si ushahidi kwamba kimoja kimezaa kingine, huenda kuna cha tatu, kama msiba, kilichovileta vyote viwili. Na wale watoto sikumuuliza hata mmoja kwa nini alihamia kwa bibi yake. Aibu gani hii!

Bibi akamfunga mtoto mgongoni. "Nenda ukanisafishe," akasema, akaingia ndani. Sikuthubutu kumfuata.

Nikazinduka jua limeshatoka, uso umelowa machozi. Nilipompigia mwalimu mkuu, hata salamu ilinishinda kwa aibu.

"Mwalimu, ile sentensi ya mwisho si utafiti. Ni domo langu tu."

Akajibu: "Afadhali umepiga. Kuna bibi yuko getini tangu alfajiri. Kamfungia mjukuu wake nguo zote, anauliza ampeleke wapi."

Nikamwomba ampe simu. Nikasikia pumzi za mtu mzima, na nyuma yake mtoto analia.

"Shikamoo, bibi," nikasema. "Rudi naye nyumbani. Hujamdhuru. Mimi ndiye niliyekosea."